Hodi ya Tatu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuhariri filamu lilikuwa kuamini kwamba kimya ni uchafu. Nilikifagia popote nilipokikuta. Mtu akivuta pumzi kabla ya kusema, nilikata ile pumzi. Akitazama dirishani kabla ya kujibu, nilikata dirisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sijawahi kuketi katika darasa la filamu hata siku moja, na yote niliyoyajua nilikuwa nimejifunza kwenye simu, kwa vijana wa nchi za mbali walionihakikishia kwamba mtazamaji asipoona jambo jipya kila wakati atakimbia. Niliwaamini upesi kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kukimbia kimya. Watu wakinyamaza mezani nilihisi ni mimi nimeharibu, nikasema jambo lolote lile alimradi sauti isikike. Basi nilipopewa kazi ya kukusanya filamu za Mzee Musembi, mwigizaji wa vichekesho, niliisafisha mpaka nikakaribia kumpokonya nafasi aliyokuwa ameingoja tangu ujana wake.

Mwezi uliopita Mzee Musembi alihama mtaa wa Kaloleni kurudi kwao Kangundo, na nilikwenda asubuhi kusaidia kubeba vyombo. Nilizijua kuta nene za mawe za nyumba yao kuliko nilivyodhani. Picha zilikuwa zimeshatolewa, na mahali zilipokuwa pamebaki miraba ya rangi iliyong'aa, nikaweza kusema huu ulikuwa wa harusi yake, huu wa yeye akiwa kasisi, huu wa yeye akiwa mama mkwe aliyejifunga leso mbili. Meza ilikuwa imekwisha kupandishwa kwenye pikapu, kwa hiyo Mama Mwende, mkewe, alitupakulia chapati na ndengu juu ya sanduku la nguo, tukala tumesimama. Nje kila mpita njia alipaza sauti ileile: "Hodi na wewe, Komeo!" Mzee aliinua mkono bila kugeuka. Binti yao, Mwende, akaniangalia akatingisha kichwa. "Baada ya yote yale," akasema, "bado ni Komeo." Mzee akamjibu huku anatafuna, "Wacha waite. Sasa naitwa nikiwa naondoka, si nikiwa getini." Nilirudi nyumbani nikakaa na maneno hayo kutwa nzima, ndiyo maana naandika habari za mwaka ule nilipozikusanya filamu zake.

Yafaa nieleze Komeo ni nani, kwa wale ambao hawakukua na televisheni zetu. Alikuwa soja, yaani mlinzi wa geti, kwenye filamu ya vichekesho ambayo kila nyumba ya mtaani iliitazama. Mgeni akija akasema hodi, Komeo, aliye ndani, hakusema karibu. Alisema, "Hodi na wewe!" kisha akaanza kumhoji kama kwamba geti ni mpaka wa nchi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Musembi alipata jina, kisha jina likampata yeye. Alipokwenda kununua nyama soko la Burma, mchinjaji hakumkatia kabla hajasema "Hodi na wewe." Alipokwenda mazishini, kijana mmoja alimwomba aseme, kaburi likiwa bado wazi. Na huku nyuma alikuwa amekwisha kuwa watu wengine wengi. Nilipoanza kukusanya filamu zake niligundua kwamba karibu katika kila moja kuna mlango, na yeye yuko mbele yake anapiga hodi, na hakuna hodi mbili zinazofanana. Akiwa chifu, fimbo inagonga, neno halijaisha, na mguu uko sebuleni. Akiwa mama mkwe, "Hoodi wenyeweee," sauti inavutwa kama uzi wa sweta, na jicho limeshachungulia dirishani kuhesabu masufuria. Akiwa kasisi, pua inatangulia kunusa jikoni ndipo sauti nzito inafuata, na harufu ikiwa ya maharagwe anapita nyumba ya pili. Akiwa mume aliyepotea wiki nzima, ananong'ona hodi kwenye mlango wake mwenyewe, mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni. Mtu mmoja, neno moja, na huwezi kuamini ni mdomo uleule. Nilitazama filamu hizo nikiwa nimevaa hedifoni chumbani kwangu, nikicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nilizikatakata.

Kazi yenyewe aliniletea Mwende. Yeye ni karani katika ofisi moja ya mjini, na alikuwa ameona video za harusi nilizohariri. Kamati ya ukumbi wa Kaloleni ilitaka kumfanyia baba yake sherehe ya heshima, Jumamosi alasiri, chakula na hotuba, na katikati kuwe na filamu fupi inayoonyesha kazi zake. Hilo lilikuwa la kamati. La Mwende lilikuwa jingine, na alinieleza tukiwa tumesimama kwenye uchochoro wa nyuma. Kulikuwa na mwongozaji mmoja wa filamu anaitwa Akinyi aliyekuwa akitafuta mzee wa kuigiza baba, si baba wa kuchekesha, bali baba ambaye filamu nzima iko mabegani mwake. Mwende alikuwa amempelekea jina la Mzee Musembi. Akinyi akajibu kwa adabu kwamba anampenda sana Komeo, ila yeye hatafuti soja. Mwende hakukata tamaa, alimwalika ukumbini, naye akakubali kuja. "Kwa hivyo Ndush," Mwende aliniambia, akilifupisha jina langu la Ndung'u, "hiyo video yako ndiyo mlango. Baba hawezi kuomba. Hajui kuomba. Video ndiyo itamwombea."

Siku hiyohiyo nilikaribishwa ndani kuchukua kanda na diski za zamani. Nikiwa nimepiga magoti nikizipanga, niliwasikia jikoni. Mama Mwende alikuwa anapepeta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwenye uteo. Mzee alikuwa anaongea chini chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye filamu yoyote. "Huyu mama wa filamu akinikataa, mimi nimemaliza," alisema. "Sitaki tena kuitwa harusini nisimame mlangoni na kofia ya soja. Nimechoka na geti." Mama Mwende akamwambia, "Utamaliza ukimaliza. Shika huu uteo." Nilitoka na sanduku la kanda nikitembea kwa vidole, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nimevunja kitu.

Naweza kueleza vizuri jinsi nilivyofanya kazi, kwa sababu sijawahi kujitesa namna ile tena. Nilibadilisha rangi ya maandishi ya jina lake mpaka macho yakaona nyeupe zote ni moja. Nilihifadhi kazi kwenye vijidiski viwili, kimoja mfuko wa kulia na kimoja wa kushoto, ili nikianguka upande mmoja upande mwingine upone. Na nilikata. Kila mlango ukawa mwepesi: hodi, karibu, kicheko, mlango mwingine. Niliporudia kutazama hakukuwa na nafasi hata ya kumeza mate, nikaona fahari. Palikuwa na filamu moja tu iliyonisumbua. Ilikuwa ya zamani, picha hafifu, imepigwa papo hapo Kaloleni. Mzee Musembi, wakati huo hajawa mzee, ni baba aliyetoka ushago, yaani kijijini, kumtembelea binti yake. Amebeba mfuko wa ndengu. Anapiga hodi mara tatu, hakuna anayejibu, anaondoka. Hakuna kicheko. Tena inachukua muda mrefu mno. Niliifinya. Nikaziunganisha hodi tatu, nikamfanya ageuke aende, ikawa sekunde chache tu, nikaona nimeiokoa. Kwa kuwa kompyuta yangu ilikuwa imejaa, nikafuta nakala ndefu, na kanda yenyewe, ambayo nilikuwa nimeiazima kwa aliyeitengeneza filamu hiyo, nikamrudishia.

Siku ya Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili, niliwapelekea waione. Tuliketi sebuleni, kompyuta juu ya stuli, sahani za muthokoi mapajani. Walikuwa watatu, Mzee, Mama Mwende na Mwende, nami nilikaa pembeni ili nione nyuso zao badala ya skrini. Chifu akapita. Mama mkwe akapita. Kasisi akapita. Hakuna aliyecheka. Mwende alitabasamu kwa heshima, tabasamu la mtu anayepokea zawadi ya soksi. Nilihisi jasho likiniteremka mgongoni. Nikajiambia watacheka kwa mume aliyepotea. Hawakucheka. Ikaja ile ya baba na mfuko wa ndengu. "Hodihodi," akasema, akageuka, akaenda. Kijiko cha Mama Mwende kikasimama hewani.

"Huyu anabisha hodi kama kanjo," akasema.

Kanjo ni askari wa jiji, wale wanaofukuzana na wachuuzi. Mwende alipaliwa na chakula kwa kicheko, na hicho ndicho kicheko pekee kilichosikika jioni ile. Mzee hakucheka. Aliinama karibu na skrini, akaniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaniomba tena.

"Ndung'u," akasema, "huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mzee."

"Huyu simjui. Huyu baba amefika kwa mtoto wake na hataki kumwona. Amekuja ili aseme alikuja."

Nilianza kujitetea. Nilisema watu wa siku hizi hawana subira, nilisema mambo ya simu, nilisema hata neno mdundo. Niliongea haraka zaidi kadiri walivyozidi kunitazama. Mzee aliweka sahani chini, akafungua mlango, akaniambia, "Toka nje, mwanangu." Nilidhani nafukuzwa. Nilivaa viatu, nikatoka. Akafunga mlango nyuma yangu, kisha nikamsikia ndani: "Haya, piga hodi. Umeleta habari ya msiba."

"Hodi," nikasema.

Kimya.

"Hodi, hodi!"

"Bado!" akafoka toka ndani. "Mwenye nyumba hata hajavaa kandambili. Anza tena."

Nilianza tena. Jua lilikuwa bado kwenye vigae vya nyumba za mkabala, na bombani palikuwa na akina mama wawili na ndoo zao. Mmoja wao akasema, "Wamekufungia nje, Ndush? Umekula nini ya watu?" Mwenzake akamjibu kwa niaba yangu, "Huyo anaomba bibi, si unaona vile anasimama." Walicheka vizuri. Nilisema hodi ya kwanza, nikangoja, na nilipongoja nilianza kufanya mambo ambayo sikuyapanga. Niligusa kola. Nilitazama miguu yangu. Nilimtabasamia mama wa ndoo, kumwonyesha kwamba natarajiwa humo ndani, kwamba mimi si mtu wa kukataliwa. Hodi ya pili ilitoka ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, na ile ya tatu nilijikuta sitaki kuisema kabisa, kwa sababu nikiisema na wasijibu, desturi inanidai niondoke. Nilisimama pale nimeingiwa na hofu kwa mchezo tu, kwa mlango wa watu waliokuwa wamenipakulia chakula dakika chache zilizopita. Ndipo Mzee akafungua.

"Umesikia?" akauliza. "Ya kwanza, mtu anatumia sauti. Ya pili anatafuta sababu, labda wamelala, labda wanaoga. Ya tatu anatafuta namna ya kuondoka majirani wasimwone. Mimi ningoje watu wacheke wapi, kama si hapo katikati? Na wakitaka kulia, walilie wapi? Wewe umewaachia neno tupu. Neno hata kasuku analo."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alirudi akaketi, akaichukua sahani yake, akala kama mtu aliyekwisha kukubali hasara. Mama Mwende akaniuliza kama nitaongezwa. Mwende akanisindikiza mpaka barabarani na kuniuliza swali moja tu, kama inaweza kurekebishwa. Nikamwambia bila shaka. Sikumwambia kwamba nakala ndefu ya ile filamu ya baba nilikuwa nimeifuta, na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ya pekee yenye baba ndani yake.

Kesho yake, Ijumaa, nilikuwa Eastleigh kabla maduka hayajafunguka. Aliyeitengeneza filamu ile zamani, Bwana Hassan, alikuwa ameacha kamera na sasa aliuza mapazia kwenye ghorofa ya pili ya jengo moja la biashara. Nilimkuta akipandisha chuma cha dirisha la duka, akaniona akaguna. "Wewe tena? Si nilikupa kanda, ukairudisha?" Nilimweleza. Alinisikiliza huku anatundika mapazia, na mimi namfuata huku na huko kama mteja asiye na nia ya kununua. Akasema ile kanda ameipeleka nyumbani, nikahisi sakafu inainama. Kisha akasema nyumbani ni ghorofa ya nne ya jengo hilohilo. Alimtuma mtu, ikaletwa, imefungwa kwa mfuko wa plastiki, na mashine yake ya zamani ikaiguguna kwa sauti mbaya iliyonifanya nishike meza. Picha ikatokea. Tulitazama pamoja, katikati ya mabunda ya vitambaa, Mzee Musembi kijana akiwa mbele ya mlango wenye pazia jepesi.

"Unajua ilikuwaje hapa?" Bwana Hassan akaniuliza. "Binti alipaswa kujibu. Kwenye maandishi, hodi ya pili, binti anasema karibu, tena kwa ubaridi, na baba anaingia, wanagombana. Basi yule msichana mwigizaji alikuwa amekwenda msalani na sisi hatujui. Huyu anasema hodi, hakuna mtu. Mimi niko nyuma ya kamera nataka kulia kwa hasira, nampungia mkono aache, hanitazami. Alikuwa anangoja aambiwe karibu. Alingoja kikwelikweli. Halafu angalia anachofanya." Kwenye picha, baba aliusogeza ule mfuko wa ndengu mpaka chini ya ukingo wa paa ili mvua isiupate, akauwekea jiwe, akaondoka upandeupande, kama mtu aliyekuwa anapita tu. "Msichana aliporudi, mimi nilikuwa nimeshachana ukurasa," akasema Bwana Hassan. "Tukabadilisha hadithi nzima." Akainama kupima pazia la mteja. Nami nikanakili kanda nikiwa nimeshika waya kwa vidole viwili, kwa sababu ulikuwa umelegea.

Nilifungua kila mlango niliokuwa nimeufunga. Kazi hii ilinitia hofu kuliko ile ya kukata. Mhariri anayekata ana kitu cha kuonyesha, lakini anayeacha aonyeshe nini? Kila niliporudisha kimya cha kasisi, mkono uliniwasha nipunguze kidogo, kidogo tu. Niliikalia mikono yangu. Ile ya baba niliiweka nzima, kama ilivyotoka kwenye mashine ya Bwana Hassan, na niliiweka mwisho.

Ukumbi wa Kaloleni ulijaa Jumamosi. Wazee wa reli waliovaa makoti, akina mama wa kanisa, watoto sakafuni, vijana ukutani. Mwende aliniashiria kwa kidevu: mwanamke mwenye nywele fupi, amekaa kiti cha karibu na mlango, mkoba bado begani. Akinyi. Mtu anayekaa hivyo, nilijiambia, amekwisha kupanga kuondoka. Mzee Musembi alikuwa mstari wa mbele na suti ya kijivu, ndevu zake ambazo hakuzinyoa tangu wiki iliyopita zikiwa nyeupe kidevuni. Mimi nilisimama katikati ya ukumbi na kompyuta na projekta, kidole juu ya kibodi, vijidiski viwili mifukoni. Hotuba zilikwisha. Mapazia yakavutwa. Kijana mmoja ukutani akapiga kelele, "Tuletee Komeo!" na wengine wakaitikia, "Hodi na wewe!" Nilimtazama Akinyi. Alikuwa anatazama simu.

Chifu alichekwa. Mama mkwe alichekwa hata zaidi, na nilisikia kicheko kikianza si kwenye neno bali kabla yake, pale jicho linapochungulia, pale pale nilipokuwa nimekata. Kasisi aliponusa, akina mama wa kanisa walipigana mabega. Nilianza kupumua. Kisha ikaja picha hafifu, mlango wenye pazia, mtu na mfuko. "Hodi!" akasema, kwa furaha. Ukumbi ukangoja pa kucheka. Akagusa kola. Akatabasamia upande ambao hakuna mtu. Kikohozi kimoja. Kiti kikalia. Mtoto akauliza kitu akanyamazishwa. "Hodi," akasema tena, ndogo zaidi, na kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko nilivyokikumbuka, kirefu kuliko kimya chochote nilichowahi kukivumilia.

"Imehang!" kijana wa ukutani akaita. "Ndush, imehang! Zima uwashe!"

"Zima uwashe, buda!"

Vicheko vikaanza, vya kunicheka mimi. Nilitazama mbele nikaona shingo ya Mzee Musembi. Haikugeuka. Nilitazama nyuma nikaona Akinyi amesimama, mkoba begani, na sikujua kama anasimama aone au anasimama aende. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kubonyeza mara moja tu, tungeruka kwenye mvua na mfuko na jina lake kwa maandishi meupe, na kila mtu angepiga makofi, nami ningepona. Mwili wangu wote ulitaka. Kwenye skrini hakuna kilichosogea isipokuwa pazia la mlango, upepo ukilivuta ndani na kulirudisha. Mzee mmoja wa reli akasema kwa sauti ya chini, "Haijakwama. Angalieni pazia." Vijana wakanyamaza kuliangalia. Nikauondoa mkono wangu kwenye kibodi nikaufunga nyuma ya mgongo na mwenzake.

Midomo ya yule baba ilifunguka kwa hodi ya tatu, na sauti haikutoka. Ilikuwa hodi ya midomo tu. Ndipo, katika giza lile, mama mmoja wa mstari wa kati, ambaye sikumjua wakati huo na simjui hata leo, akaitika kwa sauti ya mtu aliyesikia mlangoni kwake:

"Karibu, baba! Pita ndani!"

Hakuna aliyemcheka. Kwenye skrini baba alisogeza mfuko usipate mvua, akauwekea jiwe, akaondoka upandeupande. Jina likatokea. Makofi yalichelewa, kisha yakaja yote pamoja, na mstari wa mbele nilimwona Mzee Musembi akipangusa uso kwa kiganja kutoka juu hadi chini, kama mtu anayenawa.

Watu walimzunguka kupiga picha. Vijana walewale walitaka aseme "Hodi na wewe," naye akawaambia, akacheka nao. Akinyi alingoja nyuma yao mpaka pakawa na nafasi. Nilisogea karibu nikijifanya nakunja waya. Hakumsifu. Alimtazama usoni kwa muda, akamwambia, "Mzee, hizo ndevu usizinyoe."

Mzee akagusa kidevu. "Mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

Mama Mwende aliyekuwa ameshika sahani ya mume wake akauliza, "Na nani atalala na hiyo brashi?" Akinyi akacheka, akaweka mkoba chini, akavuta kiti akaketi kula.

Walipiga filamu hiyo mwaka uliofuata, na ndevu zilifika kifuani. Mzee Musembi ni baba ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho, na kuna sehemu mbili za kuchekesha ambazo hazikuwa kwenye maandishi. Baada ya hiyo aliitwa nyingine tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa na geti. Mitaani bado wanamwita Komeo, na pengine wataendelea kumwita hivyo hata Kangundo.

Mimi bado ni mtu wa wasiwasi, na bado natembea na vijidiski viwili. Lakini tangu mwaka ule sipeleki kazi yoyote kabla sijaionyesha nikiwa nimeketi na watu wengine chumbani, nikitazama nyuso zao, na wakinyamaza sisemi kitu.